Kisanduku Kinachoitika

Siku hizi kila nyumba yenye mtoto mdogo ina kisanduku ukutani. Mtoto akibwabwaja, kisanduku humwitikia kwa sauti ya mama yake, na mama anatakiwa anyamaze asije akamchanganya.

Leo nilikuwa nachambua mchele. Binti yangu Mwanakheri, ambaye bado hajasema neno, alikuwa mkekani na mwiko mdomoni. Nikajisahau, nikamwita.

“Abee, mama,” sauti ya kitoto ikaitika.

Nikageuka. Mwanakheri alikuwa bado anatafuna mwiko, macho yameganda ukutani. Kisanduku kimeshajifunza na sauti yake.

“Una njaa, mwanangu?” nikauliza, nami nikiutazama ukuta.

“Sina, mama. Wewe umekula?”

Sikumbuki mara ya mwisho kuulizwa hivyo. Nikasogeza kigoda changu karibu na ukuta.