Chiriku Masomoni kwa Makorongo

Zamani, ndege walipokuwa wakipelekana masomoni ugenini, Chiriku msemaji alikwenda nchi ya makorongo kujifunza Kikorongo. Kila asubuhi aliwasalimia kama ilivyo desturi ya kwao: umeamkaje, nyumbani hawajambo, watoto je? Makorongo, kwa miguu yao mirefu, walijibu "Salama!" wakiwa wameshapita.

"Ni lafudhi yangu," alijilaumu Chiriku. Akasoma mpaka mwalimu mwenyewe akasema, "Hongera, unakisema kutushinda!" kisha naye akapita zake. Kesho yake salamu ilitoka imenyooka, lakini "Salama!" ikasikika kutoka mbali vilevile. Sasa hakuwa na kosa la kusahihisha, na upweke ukamzidi.

Alipokuwa njiani kurudi kwao, alimkuta Mama Korongo mmoja aliyevunjika mguu, akamsalimia kwa mazoea tu.

"Watoto?" Mama Korongo alishtuka. "Hebu kaa, mwanangu, nikueleze." Akaanza na kifungua mimba wake, kwa Kikorongo cha shamba ambacho Chiriku hakukielewa hata nusu.

Chiriku akakaa, akasikiliza mpaka kitinda mimba.