Kibanio cha Manjano

Pale pango la majini linapogawanyika, Fidelia alikikuta kibanio cha manjano kimebana kamba ya kuongoza wapiga mbizi. Kilikuwa na alama za meno. Mumewe alizoea kukitafuna akijiandaa.

Wapiga mbizi wa Yucatán hubana kibanio wakiingia, hukichukua wakitoka. Kile kilikuwa kimengoja miaka mitatu.

Asubuhi ya siku hiyo mama mkwe alimfungia mtungi wa hewa mgongoni. “Kitendawili, mwanangu. Kaingia mlangoni, hatoki, na tortilla zake, mikate yake ya mahindi, zinapoa.”

“Mwanao huyo, mama.”

“Mzururaji yule. Ukimwona mwambie. Lakini wewe urudi.”

Sasa theluthi ya hewa ilikuwa imekwisha, na hapo ndipo mtu hugeuka, ili inayobaki imtoshe kutoka.

Fidelia akabana kibanio chake kando ya kile, vikagusana. Akageuka kurudi, akaviacha vyote viwili.