Chumba cha Baridi cha Bi Mwanaesha

Fahmi alipanda ngazi na utepe wa kupimia, akapima tena unene wa ukuta wa chumba cha juu. Mamake, Bi Mwanaesha, alimtazama kwa raha. Siku hizi mwana wa kuhangaikia joto la mamake utampata wapi?

Bi Mwanaesha alikuwa ndani ya eda. Mumewe alifariki kaskazi ikianza kuchoma, na sasa hatoki katika nyumba yao ya Mji wa Kale mpaka muda wake uishe. Daktari alishawaonya: moyo ule haumudu joto kali, litamuua.

Fahmi, mwanawe wa pekee, alilishika jambo hilo kwa mikono miwili. Ndiyo kazi yake, huko ofisini Buxton: kuijenga nyumba ndani ya kompyuta, kuta, bati, madirisha, jua la kila saa, hata joto la miili ya watu, kisha kuona itakavyokuwa. Penye baridi programu hupaka buluu, penye joto nyekundu.

"Mamangu, mchana walala saa ngapi?"

"Baada ya adhuhuri, hata alasiri."

Akaiingiza saa hiyo kwenye programu. Akabadilisha hiki na kile, akaiendesha programu tena na tena, majuma mazima. Ana subira kijana huyo, tumpe haki yake.

"Wale wa hoteli waitakao nyumba hii wamerudi," Bi Mwanaesha alimwambia siku moja. "Nimewambia siuzi. Nikishafukiwa, uza upendavyo."

"Usiseme hivyo, mama." Akambusu mkono.

Mwishowe akachagua chumba cha juu, chini ya bati. Akatia vioo madirishani, akaondoa feni.

"Kuanzia leo mchana ulale hapa, na ufunge kila kitu. Mwanzo utahisi joto, lakini usifungue. Kuta za mawe zataka muda. Kompyuta ishahakikisha."

Jirani yao Lamis alipokuja kumtazama, Bi Mwanaesha alimsimulia mambo ya Fahmi mpaka machozi yakamtoka. Lamis naye akawakumbuka wanawe, akanuna.

Alasiri ya siku ile ile simu ya Fahmi ililia ofisini. Ilikuwa namba ya nyumbani kwa mamake. Aliiacha ilie kidogo, akakohoa kuitengeneza sauti, ndipo akapokea.

"Fahmi mwanangu, Mungu akuweke," mamake alisema. "Mkeo kaniletea Rahaf wenu, maskini, hata kutambaa bado na homa yamchoma. Nikasema, mimi nilale penye baridi, mjukuu wangu ateseke? Nshamlaza kwenye chumba chako tangu adhuhuri, nimefunga kila kitu kama ulivonambia. Mimi niko chini na wageni. Alilia kidogo tu mwanzo. Sasa kanyamaza kabisa."

Mbele ya Fahmi, kwenye kioo cha kompyuta, nyumba nzima ilikuwa buluu. Chumba cha juu peke yake kilikuwa chekundu.