Koti la Daktari, Ovaroli ya Injinia

Koti jeupe lilikuwa bado na pini mgongoni Kitinda alipolivaa kumpokea shangazi mlangoni.

"Shikamoo, shangazi. Samahani, sikupi mkono. Vijidudu."

Shangazi, muuguzi wa miaka mingi, nusura alie. Alimzunguka kijana kumtazama vizuri, akamwita "daktari wangu", akafungua mkoba palepale. Nyuma ya pazia la chumba cha kushonea, dada yake Kitinda alikuwa ameuma kitambaa asije akaangua kicheko.

Dada ndiye aliyeupanga mpango mzima. Wazazi wao walishatangulia mbele ya haki, na Kitinda, kitindamimba wa nyumba, alilelewa na dada huyu kwa cherehani. Cherehani ilimfikisha mwisho wa sekondari, ikagomea hapo. Ada ya chuo ilikuwa imemzidi dada kimo. Ukoo ulikuwa na uwezo wa kuchanga, ila kila mchangaji alikuja na sharti lake. Shangazi alitaka daktari. Mjomba, mwenye gereji, hakuwa tayari kutoa hata senti kwa mtu asiyesomea uinjinia. Babu naye alikuwa akigombania mpaka wa shamba na jirani tangu Kitinda na dada yake hawajazaliwa, kwa hiyo alitaka mwanasheria, tena mkali.

"Basi tutawapa wote," dada akasema, akachukua mkasi.

Kwa mjomba, Kitinda alikwenda na ovaroli iliyopakwa grisi makusudi. Alitega sikio kwenye injini ya lori bovu, akafumba macho, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Mjomba, hii imeteswa."

Mjomba alitoa pesa kabla hajaombwa. Kwa babu, kijana alivaa suti nyeusi, akamsikiliza mzee mpaka mwisho, kisha akauliza kwa sauti nzito, "Na huyo jirani, anajua anacheza na nani?" Babu aliuza ng'ombe jioni ileile.

Roho ilimsuta dada. Alijua kwamba siku moja wote watatu watakutana kwenye arusi au msiba, na hapo patachimbika. Lakini alijifariji kwa jambo moja: yeye aliujua ukweli. Kitinda alikuwa anakwenda kusomea uhasibu, kama walivyokubaliana wawili wao, ili aje ashike hesabu za duka la nguo ambalo dada alilitamani tangu ujana wake. Na kijana mwenyewe alikuwa ameshakolea. Kila jioni alikaa pembeni ya cherehani na miwani ya mtumba usoni na penseli sikioni, akikagua kazi za siku. Mara moja alishusha pumzi ndefu, akasema, "Dada, faida yako inavujia kwenye vifungo." Dada hakuelewa kitu, ila tangu siku hiyo alianza kuvifungia vifungo kabatini kwa kufuli.

Hata maombi ya chuo waliyajaza pamoja kwenye simu, bega kwa bega. Jina, shule, anwani, yote waliyasoma kwa sauti. Walipofika kwenye kozi Kitinda akashikwa na kiu, dada akaenda kumletea maji, na aliporudi maombi yalikuwa yameshatumwa.

Sasa ilikuwa siku ya usaili, na kila mwombaji alitakiwa aje na mtu wa nyumbani. Kitinda akifaulu, ada italipwa dirishani leoleo. Akianguka, pesa itabidi zirudi kwenye nyumba tatu, na atakayeulizwa zilichangwa kwa maneno gani ni dada. Alikuwa amevaa gauni lake la heshima, na makwapa yalikuwa yameshalowa.

Kitinda alimpitisha mlango wa nyuma, akasema ni njia ya mkato. Kwenye ukumbi mwembamba walipishana na binti aliyetoka analia, mama yake akimfuata.

"Mama, kwa nini ulijua?"

"Sasa kujua ni kosa? Mimi si mama yako?"

"Uhasibu mgumu jamani," dada akanong'ona, akamnyoosha mdogo wake kola.

Chumba cha usaili kilikuwa kikubwa, na upande mmoja lilining'inia pazia zito jekundu. Walimu watatu walikaa nyuma ya meza. Hawakumuuliza Kitinda chochote. Mwalimu mwenye kilemba alimgeukia dada.

"Karibu, dada. Wewe ni nani wake?"

"Dada yake. Tumbo moja, ziwa moja."

"Amekuja kusomea nini kwetu?"

"Uhasibu, mwalimu. Na nawaomba msimwache, huyu kazaliwa na hesabu. Angalieni hiyo penseli, halali bila hiyo."

"Una hakika? Hajawahi kukudanganya?"

Dada akacheka, na woga wote ukamtoka.

"Mwalimu, nisikufiche. Huyu anadanganya watu mpaka wanauza ng'ombe. Shangazi yetu anamwita daktari! Na nguo za kuwadanganyia namshonea mimi mwenyewe. Lakini mimi? Mimi nimembeba mgongoni huyu. Kunidanganya mimi, hawezi."

Walimu wakatazamana. Mmoja alitoa leso akafuta macho. Kisha wote watatu wakasimama na kupiga makofi.

"Amefaulu," akasema mwenye kilemba. "Kijana, karibu Idara ya Maigizo."

Kitinda akavua miwani, akamgeukia dada yake, akainama mbele yake mpaka penseli ikamdondoka sikioni.