Kisamvu cha Kudeka

Mbaruku aliweka jani la njano juu ya meza ya bibi shamba, akalifunika nusu kwa kiganja kama mwanafunzi anayeficha majibu. Bangi yake, iliyojificha nyuma ya migomba, ilikuwa imechanua na sasa inanyauka. Isipopona, mavuno kwaheri. Ikijulikana, jela karibu.

"Kisamvu changu hicho, mama. Kinaumwa."

"Majani yameanza kugeuka rangi chini au juu?"

"Chini. Na maji sikinyimi, nakinywesha asubuhi na jioni."

Bibi shamba akaacha kuandika. "Muhogo unamwagilia?"

Mbaruku akakikaza kiganja juu ya jani. Mji ule hata mbuzi walijua kwamba muhogo haumwagiliwi.

"Huu wangu... una deko, mama."

Bibi shamba hakucheka. Alilinusa jani, akalinusa tena, akafumba macho kidogo. "Mizizi inaoza kwa maji. Acha udongo ukauke kwanza." Kisha akafunga ofisi kwa kufuli, akafungua mwavuli. "Tangulia, nikauone huo muhogo."

Walifika njia panda. Kushoto kulikuwa na shamba la muhogo la shemeji yake, kulia migomba. Mbaruku akasimama. Kivuli cha mwavuli kikamfikia miguuni, kikasubiri.