Dirisha la Upande Wangu

Siku hizi huvuti sigara nyumbani bila kibali, na kibali hakitoki mpaka damu ya kila anayeishi humo ipimwe. Moshi ni uleule, lakini kuna seli zinazouhimili na kuna zinazoharibika. Sisi tulipata kibali miaka sita iliyopita.

Leo nimekwenda kupimwa upya. Nesi akatazama kioo cha kompyuta, kisha uso wangu.

“Mama, damu iliyosajiliwa kwa jina lako si hii. Hii inaharibika kwa moshi kidogo tu. Ile ni ya ndugu yako wa tumbo moja.”

Ndugu wa tumbo moja ninaye mmoja, Riziki. Nikaenda kwake moja kwa moja.

“Yako ilikataliwa, dada,” akasema, macho chini. “Shemeji akaficha majibu, akaniomba nikachomwe kidole kwa jina lako. Alisema hataki kukutia hofu.”

Hofu! Miaka sita!

Jioni mume wangu, Kombo, akakaa sebuleni na pakiti yake. Kabla ya kuwasha, akainuka kunifungulia dirisha la upande wangu, kama afanyavyo kila siku.

Dirisha hilo nimewaringia majirani miaka yote.