Chumba cha Kiyoyozi

Pigo la kwanza la spana lilivunja vidole viwili vya Marko. Hermani alisikia mifupa ikialika, mkono ukachomoka kwenye upenyo, naye akausukuma mlango kwa bega mpaka komeo likaingia tena mahali pake.

"Jaribu tena uone!" alifoka. "Nitaukata kabisa!"

Nje walikuwa sita au saba. Nyuma yao mashine za kukamua alizeti zilinguruma, hivyo maneno yalimfikia vipande vipande. "Fungua… zima… zima!" Neno hilo alilitegemea. Wiki nzima hawakuwa na wimbo mwingine.

Ugomvi ulianza na kompyuta inayoendesha mtambo. Zamani ilikaa kwenye kabati la chuma palepale katikati ya mashine, ikala joto na vumbi la maganda, ikaungua mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Mama Raudha, mwenye kiwanda, akaijengea chumba juu ya ngazi na kukitia kiyoyozi. Huko chini watu waliendelea kuchemka. Kikaoni Marko, msimamizi wa zamu, akasimama akasema kompyuta irudi kabatini, kabati lizibwe vizuri na kuwekewa feni, na ubaridi wapewe binadamu.

"Mashine inataka sweta, sisi tunavua mashati," alisema, na watu wakacheka kwa hasira. Kisha akaongeza kwamba wasiposikilizwa watauzima mtambo wenyewe.

Kuzima mtambo ghafla, mashudu, yale makapi ya alizeti, yakiwa yamejaa ndani, ni kuuvunja. Na Mama Raudha alishaapa kwamba ukivunjika tena anafunga kiwanda. Hermani hakuwa tayari kulishuhudia hilo. Mama huyu ndiye aliyemtoa machungani kijijini Gehandu akamsomesha ufundi, na alimwita mwanangu mbele ya watoto wake wa kuwazaa. Hermani alimpenda, basi.

Saa saba mchana Mama Raudha alikwenda kuongea nao. Alikuwa ameshafunga geti la nje, mafuta yasije yakatoroshwa, na kabla ya kushuka akamwachia Hermani funguo zote, hata za gari.

"Usimfungulie mtu, mwanangu. Hata awe nani."

"Sawa, Mama."

Sasa ilikaribia saa nane na hakuwa amerudi. Simu ya Hermani ilikuwa imeita mara tatu, jina la Marko. Akaikata, halafu akaizima kabisa.

Alichungulia kwenye kioo kidogo cha mlango. Jasho liliwatiririka, macho yamewatoka. Wengine walikuwa wameinama kule ngazini, hakuona wanafanya nini. Begani kwa Marko ulining'inia mtandio mweusi, umelowa chapachapa. Ulikuwa mtandio wa Mama Raudha.

Wamemuua, aliwaza, na sasa wanakuja kuumalizia mtambo wake.

Basi hakuwaonea tena huruma. Bomba la chuma lilipogonga mlango na bawaba ya juu kung'oka, alipenyeza spana akampiga Evarist, mpakiaji wa magunia, mdomoni. Meno yalitoka. Evarist akatema damu, akarudi kuusukuma mlango kwa bega. Akapigwa tena, akarudi tena. Hapo Hermani akaogopa kweli.

Mlango ulianguka pamoja naye. Akajivuta kutoka chini yake, akatambaa mpaka kwenye kompyuta, akaikumbatia kwa mkono mmoja na kupiga kwa mwingine. Spana ilimpata Marko juu ya sikio. Marko akayumba, damu ikamshuka shingoni mpaka kwenye shati.

Hakurudisha pigo. Wala hakuna aliyeitazama kompyuta.

"Pisha, bwana," Marko alisema, sauti imemkauka. "Tangu saa ile tunakuambia. Amezimia! Amezimia!"

Wanaume wanne walipanda ngazi za mwisho wakiwa wamembeba Mama Raudha, wakamlaza sakafuni pale upepo wa kiyoyozi ulipokuwa mkali zaidi. Evarist akapiga magoti, akaweka sikio kifuani kwake. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Tulipobisha mara ya kwanza," alisema, "alikuwa anapumua."